Vyungu Mia vya Bwana Kiboko

Mpo?

Tupo.

Wote mpo?

Wote tupo.

Hilo mnasema nyinyi. Mimi nilifundishwa kwamba aliyepo huitwa kwa jina lake, naye huitika. Basi tutaanza kwa majina, kama walivyoanza wao, wale wa ngano hii, Jumatatu asubuhi, katika baraza la bonde la Lukwale.

Aliyeita majina alikuwa karani wa baraza, naye aliita hivi.

Tembo bin Ndovu, Mwenye Nchi. Aliitika, "Nipo," ingawa hakuna aliyekuwa na shaka.

Bwana Kiboko Matimbwa, wa bwawa la chini. Yeye hakuitika. Alipiga miayo, na karani akaandika kwamba yupo.

Fundi Nyigu Chande, mjenzi wa vyumba vya udongo vyenye mlango mmoja. Aliitika, "Nipo, nzzz."

Bi Mbayuwayu Siwema, mjenzi wa vibanda vya udongo chini ya miamba. Aliitika akiwa bado angani, "Nipo, natua!"

Bi Pimbi Somoe binti Majabali, mfinyanzi wa vyungu. Aliitika, lakini kwa sauti ndogo hata ikabidi aitwe mara tatu.

Wa mwisho, karani alijiita mwenyewe. "Mzee Kobe Shamte!" Akatazama kulia, akatazama kushoto, akajijibu, "Nipo," akajiandika. Alikuwa mtu wa utaratibu. Ndiye aliyekwenda kuwaalika wote, mlango kwa mlango, kwa miguu yake. Alianza safari hiyo wakati wa vuli, na baraza likakutana masika yakikaribia.

Jumla yao, sita.

Sasa mtazameni huyo Bi Pimbi Somoe, maana tutakwenda naye. Ni mdogo, hana mkia, na tangu kuzaliwa kwake ana wasiwasi. Jani likianguka, ru! pua yake humcheza. Jiwe likiporomoka, ru! masharubu humtetemeka. Hata habari njema humtetemesha, kwa sababu hajui itakaa siku ngapi. Lakini nyayo zake ni laini, tena zina unyevu daima, na katika bonde zima hakukuwa na mnyama aliyeweza kulainisha ubavu wa chungu kama yeye. Kazi aliirithi kwa mama yake, marehemu Bi Pimbi Mwanahija, pamoja na vitu viwili: kijiwe cheusi cha kung'arishia vyungu, na shimo la udongo lililo chini ya mwamba wao. Udongo wa shimo lile ulikuwa wa kijivu, unaonata vizuri. Udongo wa mahali pengine ulikuwa mwekundu na wa kupasuka. Bila shimo lile hakuna chungu, na bila chungu hakuna nafaka ya kubadilishana, na pangoni kulikuwa na watoto wanne.

Siku ya baraza Bi Pimbi Somoe aliamka mapema, akanawa mikono na miguu, akajisugua kwa mchanga mpaka kucha zikawa nyeupe. Mama yake alimfundisha kwamba mbele ya wakubwa haendi mtu na tope. Fundi Nyigu Chande naye alinawa. Bi Mbayuwayu Siwema alinawa mpaka mdomo. Bwana Kiboko Matimbwa hakunawa.

Tembo alisimama, akasafisha mkonga wake, fuuu, akasema:

"Ndugu wananchi, nchi yetu haina viwanda. Ng'ambo ya mto wana vyungu vya kuwekea nafaka. Sisi tuna mashimo, na mashimo yana panya. Kwa hiyo serikali imeamua kuinua viwanda na ustadi wa mikono. Itatoa kuni. Itatoa nyasi kavu. Itamtambua mwenye ustadi na kumpa cheti."

Wote walishangilia. Moyo wa Bi Pimbi Somoe uliruka, ru! Alijiona amekaa kando ya mzigo mkubwa wa kuni ambazo hakuziokota mwenyewe.

"Lakini," alisema Tembo, na pua ya Bi Pimbi ikaanza kucheza. "Lakini serikali haiwezi kumshika mkono kila mmoja. Mikono ni mingi, na mingine ni midogo mno, haishikiki. Serikali itamshika mkubwa, naye mkubwa atawashika wadogo. Haya, nani mkubwa katika kazi ya udongo?"

"Mimi," alisema Kiboko.

"Wewe? Una ustadi gani?"

"Mheshimiwa, mimi nalala katika udongo tangu nilipozaliwa. Hawa wenzangu wanaugusa kwa vidole. Mimi naingia mzima. Hebu nitazame, kisha watazame wao."

Tembo alimtazama. Kiboko alikuwa na tope mgongoni, tope shingoni, tope mpaka ndani ya masikio. Kisha akawatazama wale watatu. Walikuwa safi, wanang'aa.

"Nionyesheni udongo wenu," alisema Tembo.

Bi Pimbi Somoe alitazama mikono yake. Haikuwa na hata chembe.

"Mheshimiwa," alisema Bi Mbayuwayu, "sisi tulinawa kwa heshima yako!"

"Anayefanya kazi hana nafasi ya kunawa," alisema Tembo. "Karani, andika. Shimo la udongo chini ya mwamba, pamoja na kila donge litakalotoka humo tangu leo, ni mali ya kiwanda cha Bwana Kiboko Matimbwa. Hawa watatu watakuwa wanagenzi wake. Siku ya nane, yaani Jumatatu ijayo, nitakuja mwenyewe. Nikikuta vyungu mia vilivyochomwa, shimo ni lake, na la watoto wake, na la wajukuu wake."

Kru, kru, kru, Mzee Kobe aliandika.

Bi Pimbi hakuwa na desturi ya kusema barazani. Lakini aliwafikiria wale wanne pangoni, akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa... na visipotimia?"

Kiboko alicheka mpaka maji yakamtoka puani. "Isikilizeni hiyo isiyo na mkia!"

Tembo hakucheka. "Swali ni la haki. Visipotimia, shimo litakuwa la mfinyanzi yeyote atakayenionyesha siku hiyo chungu kizima. Karani, na hilo liandike."

Kru, kru, kru.

Jioni hiyo hiyo Kiboko alijitupa kando ya shimo, bwata! akasema, "Haya, wanagenzi wangu. Nifundisheni kazi yangu."

Bi Pimbi Somoe hakuwa na hila yoyote siku ile. Alikuwa na hofu tu, na mwenye hofu husema kile anachokijua. Akasema:

"Nakusihi, Bwana Mkubwa, usitumie udongo mtupu. Kwanza tutwange vigae vya vyungu vya zamani, viwe kama mchanga, tuvikande pamoja na udongo. Ndipo chungu hupata nguvu ya kustahimili moto."

Aliposema hivyo pua yake ilimcheza, ru! na masharubu yakamtetemeka, ru!

Kiboko alimkazia macho. "Mbona unatetemeka?"

"Ndivyo nilivyo, Bwana Mkubwa."

"Msema kweli anatetemeka?"

"Mimi hutetemeka."

"Aha! Nimekushika! Unataka nitie vilivyovunjika ndani ya vipya, ili na vipya vivunjike. Udongo mtupu! Sitaki hata kigae kimoja!"

Pimbi alisema kweli. Kiboko alisikia uongo.

Wakafinyanga. Pa-ta, pa-ta, pa-ta. Bi Mbayuwayu Siwema alileta maji kwa mdomo. Fundi Nyigu Chande alizungusha midomo ya vyungu. Bi Pimbi Somoe alilainisha mbavu kwa nyayo zake na kung'arisha kwa kijiwe cha mama yake. Kiboko alihesabu. Alihesabu kwa sauti, akikosea alianza upya, na kila alipoanza upya aliwatukana wao. Siku mbili, pa-ta, pa-ta, mpaka Jumatano jioni vikatimia mia. Ukivitazama, vilikuwa vizuri. Hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi Bi Pimbi, kwamba vilikuwa vizuri.

Alhamisi mchana walikaa watatu kwenye kivuli cha mwamba, Kiboko akiwa amezama majini mpaka puani.

"Shoga," alisema Bi Mbayuwayu, "vyungu hivi visipopasuka tumekwisha. Mimi nitajenga kwa mate?"

"Tumdanganye," alisema Fundi Nyigu. "Bi Somoe, wewe anakusikiliza. Mdanganye."

Bi Pimbi alitikisa kichwa. "Sijawahi kudanganya, Fundi. Sijui pua yangu itafanya nini. Huenda ikacheza vile vile, naye asiuamini uongo wangu, akafanya kinyume chake, vyungu vikapona. Hapana. Nitamwambia kweli."

"Kweli? Hiyo kweli ndiyo itakayotufukuza hapa!" alisema Fundi Nyigu.

"Nitamwambia kweli yote, neno kwa neno, kama mama alivyonifundisha. Jumatatu nilimwambia kweli. Alifanya nini?"

Wakatazamana. Halafu Fundi Nyigu akaanza kucheka, nzzz, nzzz, mpaka mabawa yakamtikisika. Bi Mbayuwayu akacheka pia.

Bi Pimbi hakucheka. "Mnacheka nini? Vyungu ni vyetu," alisema.

Akaenda bwawani, akasimama ukingoni.

"Nakusihi, Bwana Mkubwa, usiviache vyungu hapa karibu na maji. Viingie pangoni kwangu, penye kivuli na upepo, vikae siku saba. Siku zilizobaki ni nne. Tumwombe Mwenye Nchi atuongezee tatu."

Pua ikacheza, ru! Masharubu yakatetemeka, ru!

Kiboko akatoka majini, maji yakimchuruzika, chuu.

"Aha! Nimekushika! Nimwombe Mwenye Nchi siku tatu, aone sijui kazi? Na vyungu vyangu viingie pangoni kwako, mahali ambapo mimi siingii hata pua? Mwizi wewe! Vitakaa hapa hapa, na mimi nitakaa navyo."

Pimbi alisema kweli. Kiboko alisikia uongo.

Akavipanga vyungu vyote mia juu ya tope la ukingo, akajilaza katikati yake, amelowa vile vile. Eti anavilinda. Joto likimzidi alijizamisha, akarudi, akajikung'uta, pwa-pwa-pwa, matone yakaenea juu ya vyungu vyote. Akapumua, hoo, na pumzi yake ya majimaji ikaingia ndani ya kila chungu. Ijumaa hivyo. Jumamosi hivyo. Kila asubuhi Bi Pimbi alipita, akagonga chungu kimoja kwa ukucha na kusikiliza. Chungu kikavu hujibu, ti. Hivi vilijibu, du.

Mpo?

Tupo.

Basi sogeeni, maana hapa ndipo nusura mambo yaharibike.

Ndani ya pango la Bi Pimbi Somoe kulikuwa na chungu kidogo, cha kujaza viganja viwili, alichokifinyanga kabla ya baraza kwa udongo uliochanganywa vigae. Kilikuwa kimekaa kivulini zaidi ya siku saba. Jumapili adhuhuri alikipeleka kwenye mwanya wa miamba, akakichoma kwa samadi kavu, polepole, moto mdogo kwanza. Kilipopoa alikigonga. Ti!

Akakigonga tena. Ti!

Jamani, furaha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kifua chake kilishuka. Pua ikatulia. Masharubu yakatulia. Akashuka kwenda bwawani akiwa ametulia hivyo hivyo, kwa sababu lilibaki neno moja la kumwambia Kiboko, neno la moto.

"Nakusihi, Bwana Mkubwa," alisema, "kesho usianze na moto mkubwa. Anza na moshi. Vyungu bado vibichi. Moto mkubwa utavipasua vyote."

Kiboko alifungua kinywa aseme "Aha." Akakifunga. Akamtazama Bi Pimbi puani. Akamtazama masharubu.

"Leo hutetemeki," alisema.

Bi Pimbi akaigusa pua yake.

"Siku zote unatetemeka. Leo umetulia kama jiwe." Kiboko akasogea karibu. "Yaani leo unasema kweli, sivyo? Vyungu ni vibichi?"

Akanyoosha mguu, akagusa chungu kilicho karibu. Kidole kiliacha alama.

"Mh," alisema Kiboko. "Labda ni kweli nimwombe Mwenye Nchi siku tatu."

Basi yule Bi Pimbi Somoe aliona mambo yote kwa mara moja. Aliona siku tatu zikitolewa, maana Tembo hapendi aibu. Aliona vyungu mia vikikauka. Aliona miba imezungushwa shimoni na watoto wanne wamekaa juu ya mwamba na kibuyu kitupu. Alijaribu kujitetemesha, akashindwa. Kutetemeka hakuji kwa kuitwa. Lakini alipoona kwamba ameshindwa, akaogopa, na alipoogopa, ru! pua ikaanza. Ru! masharubu. Ru! masikio, miguu, mgongo, mpaka pale ambapo mkia ungekuwapo. Meno yakagongana, ka-ka-ka-ka.

"Nakusihi, Bwana Mkubwa," alisema, na machozi ya kweli yakamtoka, "omba! Omba hizo siku tatu!"

Kiboko akacheka, ho! ho! ho!

"Aha! Nimekushika! Kumbe ulikuwa umejikaza! Kidogo unipate, mama wee, kidogo unipate! Kesho moto mkubwa kuliko moto wote!"

Pimbi alisema kweli. Kiboko alisikia uongo. Naye Pimbi alirudi pangoni akitetemeka, wala hakuacha mpaka asubuhi.

Jumatatu Tembo alifika. Mzee Kobe Shamte alikuwa hajarudi kwake tangu Jumatatu iliyopita. Alikuwa amefika nusu ya njia ya kwenda nyumbani akageuka, kwa hiyo alikuwapo kwa wakati. Kuni za serikali zilirundikwa, na nyasi za serikali juu yake, na ndani yake vyungu mia. Kiboko alijipaka tope jipya.

Wafinyanzi wana desturi yao: moto ukishawaka hawasemi. Wanakaa kimya na kusikiliza. Bi Pimbi, Bi Mbayuwayu na Fundi Nyigu walikaa kimya. Kiboko hakuijua desturi hiyo.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti kuu, "hiki ndicho kiwanda! Washa!"

Vuuu! moto ukapanda.

"Katika mwaka mmoja nitatoa vyungu elfu! Katika miaka miwili..."

Paa!

"...miaka miwili, elfu..."

Paa! Paa!

"Nini hicho?" aliuliza Tembo.

"Ni ukomavu, Mheshimiwa. Vinakomaa."

Paa! Pu! Paa-paa-paa! Vigae viliruka kama panzi. Kimoja kilimpata Kiboko shavuni, kimoja ubavuni, kimoja pale anapokalia. Bi Pimbi Somoe alifumba macho. Alivijua kwa sauti. Kile chenye sauti nene ni kile kikubwa alichokilainisha Jumanne akiimba. Kile kilichosema pu ni kile ambacho Fundi Nyigu aliufanya mdomo wake kuwa na mikunjo, kwa kujifurahisha tu. Alivihesabu vyote. Kilipopasuka cha mia, alifumbua macho, na hakujisikia mshindi.

Moto ulipokufa kulikuwa na lundo la vigae, na Kiboko hakuwapo. Bwawani kulionekana matundu mawili ya pua.

"Bwana Kiboko Matimbwa!" aliita Mzee Kobe, kalamu mkononi.

Mapovu, bu-bu-bu.

"Yupo," aliandika karani.

Tembo alikuwa amesimama kwenye joto muda mrefu. "Nina kiu," alisema. "Hakuna chombo katika nchi hii?"

Ndipo Bi Pimbi Somoe akatoka nyuma ya mwamba na kile chungu kidogo, kimejaa maji mpaka ukingoni, naye anatetemeka kiasi cha kumwaga nusu yake njiani. Tembo akaingiza ncha ya mkonga, akanywa. Kisha akakigonga. Ti!

Mapovu yakageuka kichwa. "Hicho ni cha udongo wangu!" alinguruma Kiboko. "Kila donge tangu Jumatatu ni langu! Imeandikwa!"

Bi Pimbi akakikumbatia chungu chake.

Mzee Kobe Shamte akafungua kitabu chake. Alilamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba kidole, akafunua ukurasa. Watu wakasubiri. Kivuli kikahama.

"Ijumaa," alisoma hatimaye, "yaani siku tatu kabla ya baraza. Nilifika kwa Bi Pimbi Somoe binti Majabali kumwalika. Nilipewa maji. Pangoni niliona chungu kimoja kidogo, kibichi, kimeinamishwa kivulini. Nimeandika kwa mkono wangu. Kobe Shamte."

"Basi shimo ni lake," alisema Tembo. "Serikali imekosea mkubwa. Kumbe mkubwa ni huyu." Na akaamuru apewe cheti cha ustadi, na kuni, na nyasi, na shule ya ufinyanzi ijengwe juu ya mwamba.

Bi Mbayuwayu alipiga vigelegele angani. Fundi Nyigu alimzunguka Kiboko kichwani, "Nzzz, mwalimu, nzzz, nifundishe kazi yako!" Bi Pimbi Somoe alimsogelea Mzee Kobe.

"Shikamoo, Mzee Shamte."

"Marahaba."

"Cheti ninapewa sasa?"

"Muhuri uko bomani, binti yangu. Nitakwenda kuugonga, kisha nitakuletea mwenyewe. Nakala ni moja, na anayejua ilivyoandikwa ni mimi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi."

"Na kabla hakijafika, nichimbe?"

Mzee Kobe akamtazama kwa huruma. "Hapana. Shimo limetoka kwa mmoja, halijaingia kwa mwingine. Mpaka cheti kifike, halichimbwi na yeyote. Ndiyo sheria."

Wakaweka miba mlangoni mwa shimo. Mzee Kobe Shamte akaanza safari. Kwa miguu ya Tembo, kufika bomani ni mwendo wa siku mbili.

Masika yakaja, yakaisha. Kipupwe kikaja. Bi Pimbi Somoe alikaa juu ya mwamba kila siku, akiitazama njia. Kijiwe cheusi cha mama yake alikishika mkononi ili kisisahau kazi. Nyayo zake, zilizokuwa na unyevu daima, zilianza kukauka kando kando. Chungu kilikuwa kimoja. Hakukibadilisha kwa nafaka, kwa kuwa kilikuwa ushahidi. Watoto walichimba mizizi. Bi Mbayuwayu Siwema alihamia ng'ambo ya mto. Fundi Nyigu Chande alimfuata. Kiboko alituma salamu kila asubuhi kutoka bwawani: "Bi Mkubwa! Kiwanda kimefunguliwa?"

Vuli ikakaribia. Siku moja mtoto wa kwanza akasema, "Mama, kule chini kuna kitu kinatembea."

Wakatazama wote watano. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, mbali sana, na hakikuonekana kusogea; lakini kesho yake kilikuwa kimeupita mti mmoja. Bi Pimbi Somoe akanawa mikono na miguu, akajisugua kwa mchanga mpaka kucha zikawa nyeupe. Akaketi kusubiri.

Ngano yangu imefika hapo, nami sina miguu ya kuipeleka mbele. Mafunzo yake, kama mlivyoyaona wenyewe, ni haya. Mdogo asihangaike, amwachie mkubwa aongoze, naye atashikwa mkono. Msema kweli atasadikiwa, hasa akiwa na hofu. Anayekuja mbele ya serikali anawe kwanza. Na kazi inayopitia kwa karani mwenye utaratibu haiwezi kupotea.

Aliyeelewa aseme ameelewa.

Tumeelewa.

Mpo?

Tupo.

Wote mpo?

Wote tupo.

Hapana. Jina huitwa, na mwenyewe huitika. Tembo bin Ndovu yupo. Bwana Kiboko Matimbwa yupo. Fundi Nyigu Chande na Bi Mbayuwayu Siwema wapo, ng'ambo ya mto. Bi Pimbi Somoe binti Majabali yupo, amekaa juu ya mwamba.

Mzee Kobe Shamte hayupo. Alifariki Ijumaa, kwenye kivuko cha Lukwale, mvua za vuli zilipoanza, na cheti hakijaonekana.